Laptopu Iko Sagalla, Wewe Uko Voi: Kwa Nini Jina Lake Halipatikani?

Tuchukue mfano wa katibu wa chama anayeishi Sagalla. Hesabu zote ziko kwenye laptopu ya nyumbani, aliyoipa jina "hesabu". Akiwa sebuleni huandika hesabu.local kwenye simu na faili zinafunguka. Siku ya kikao ameteremka Voi, wanachama wanasubiri kujua nani amelipa na nani bado. Anawasha VPN, inaonyesha imeunganika. Anaandika jina lile lile, lakini hakuna kitu. Minong'ono inaanza kwamba katibu anaficha vitabu.

Laptopu haijaharibika, wala VPN haijakatika. Kilichobadilika ni nani anayeulizwa.

Kompyuta hupatana kwa namba, yaani anwani za IP. Jina ni la kutusaidia sisi binadamu, na lazima awepo wa kuligeuza kuwa namba. Majina yanayoishia na .local hayahitaji daftari. Simu huita kwenye Wi-Fi nzima, "Nani anaitwa hesabu?" na laptopu yenyewe huitika, "Ni mimi, namba yangu 192.168.1.7." Utaratibu huu huitwa mDNS. Ni sawa na kumwita jirani kutoka uani. Lakini ukipaza sauti Sagalla, Voi hawasikii: mwito huo hauvuki ruta, na VPN nyingi haziubebi. VPN hubeba mzigo ulioandikwa namba ya unakokwenda.

Wengine hukariri ile namba ya nyumbani. Hapo pana mtego. Namba zinazoanza na 192.168.1 hutumiwa na ruta nyingi mno, pengine hata ile ya saiba uliyokaa. Ukiiandika ukiwa pale, huenda ukabisha hodi kwenye mashine ya mtu mwingine.

Dawa ni kutumia namba ya pili, ile ambayo laptopu hupewa na VPN, tuseme 10.8.0.5. Msimamizi wa VPN aifunge isibadilike. Kisha jaribu namba kabla ya jina. Ikifungua faili, kosa liko kwenye jina. Isipofungua, hakikisha laptopu haijalala, imeunganishwa kwenye VPN hiyo hiyo, na programu yake ya ulinzi inaruhusu wanaoingia kupitia VPN.

Jina nalo lina njia mbili. Ya kwanza ni kuliandika kwa mkono, namba na jina kwenye mstari mmoja, katika faili iitwayo hosts ya kompyuta unayosafiri nayo. Kwenye Linux na Mac iko /etc/hosts. Kwenye Windows iko C:\Windows\System32\drivers\etc. Njia hii yafaa kwa kompyuta moja au mbili, ila kwenye simu ni taabu.

Ya pili ni bora kwa chama: VPN iwe na DNS yake, yaani daftari moja la majina ambalo kila kifaa huuliza. Usitumie .local humo, maana vifaa vitarudia kuita uani. Tumia hesabu.home.arpa, mwisho huo ulitengwa rasmi mwaka 2018 kwa mitandao ya nyumbani.

Hata hivyo, usilitupe jina la zamani. Ukiwa nyumbani na ukatumia jina la VPN, faili zaweza kusafiri hadi kwenye seva na kurudi, bando likiliwa bure, ilhali simu na laptopu ziko meza moja. Nyumbani tumia .local, ukitoka, tumia la VPN.

Wala usikubali ushauri wa kufungua mlango wa ruta ili faili zionekane moja kwa moja kwenye intaneti. Mlango huo utabishwa na dunia nzima.

Mwisho, usingoje siku ya kikao. Ukiwa bado nyumbani, zima Wi-Fi ya simu, washa data na VPN, kisha fungua daftari la chama kwa jina lake jipya. Likifunguka hapo, teremka Voi bila wasiwasi.