Bareta Ikifa, Tusiunge Waya Moja kwa Moja



Tangu wenyeji wa Palma na vijiji vingine vya Tungue walipoanza kurudi makwao, baada ya kutawanywa na shambulio la tarehe 24 Machi 2021, redio za zamani zimeanza kutolewa uvunguni. Ni yale masanduku ya mbao yenye valvu za kioo ndani. Wenye nazo ni wazee waliofanya kazi katika mashamba ya minazi ya pwani hii, au waliovuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika, au watoto wao waliorithi. Wanazipeleka kwa vijana wetu mafundi. Fundi anafungua, anakuta valvu moja imekufa na spea yake haiuzwi popote, basi anaunga kipande cha waya mahali pake. Redio inawaka kwa mwanga mkali, mwenye redio anafurahi, na kabla hajamaliza kufurahi valvu zote zimezimika. Jambo hili tumeliona zaidi ya mara moja, na kila mara mzee amelipa fedha kwa ajili ya kuharibiwa mali yake.

Wako watakaosema redio ndogo za betri zimejaa sokoni, ya nini kuhangaika na makopo haya. Wenye kusema hivyo wamesahau. Frelimo iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na vita vya ukombozi vilianza Chai, hapa hapa Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Wakati huo Rádio Clube de Moçambique ya Lourenço Marques ilisema ya Wareno. Ya kwetu yalitoka Dar es Salaam, ambako Frelimo ilitangaza kupitia redio ya Tanzania, na aliyesikiliza alifunga dirisha kwanza. Rádio Clube ilikwisha mwaka 1975, ikawa Redio Msumbiji. Sanduku lililopitia hayo yote halistahili kuuawa na kipande cha waya.

Sasa tuitazame valvu yenyewe. Katika vitabu vya ufundi huitwa bareta. Haipokei sauti wala haikuzi sauti. Ndani ya kioo chake mna uzi mwembamba wa chuma uliozungukwa na hewa ya haidrojeni, basi. Chuma kikipata moto huzuia umeme zaidi, kikipoa huachia. Umeme wa nyumba ukipanda, uzi hupata moto zaidi na kuzuia zaidi. Ukishuka, uzi hupoa na kulegeza. Kwa njia hiyo mkondo unaopita hubaki karibu ule ule.

Kwa nini ilihitajika? Kwa sababu redio hizi hazina transfoma. Nyuzi za kupashia moto valvu zimeungwa kwa mfululizo, kama watu waliopanga mstari wa kupokezana ndoo kutoka kisimani: ndoo inayopita kwa wa kwanza ndiyo inayopita kwa wa mwisho. Ukimwondoa bareta na kuunga waya, ndoo zinakuja kwa kasi isiyobebeka, na mstari mzima unaanguka.

Tuchukue mfano wa redio ya Ulaya ya miaka ya 1930 yenye valvu CK1, CF3, CBC1, CL4 na CY1. Zote hutaka mkondo wa ampea 0.2. Tatu za kwanza hutaka volti 13 kila moja, CL4 hutaka 33, na CY1 hutaka 20. Jumla ni volti 92. Umeme wa nyumba ni volti 220. Toa 92, zinabaki 128. Hizo 128 ndizo bareta, aina ya C1, alizokuwa akizibeba peke yake.

Kama C1 haipatikani, tunaweka rezista. Gawanya 128 kwa 0.2, unapata omu 640. Dukani utakuta 680, nayo ni bora, maana valvu zitapata pungufu kidogo, na pungufu kidogo haiziui. Lakini angalia wati: volti 128 mara ampea 0.2 ni karibu wati 26, zote ni moto. Usinunue rezista ndogo ya karanga. Nunua ya waya uliozungushwa, ya wati 50, uifunge mbali na mbao na mbali na kondensa, mahali hewa inapopita. Ile nafasi juu ya soketi ya bareta kwa kawaida inafaa, kwa kuwa bareta naye alikuwa wa moto.

Hapa kwetu kuna shida moja ambayo vitabu vya Ulaya havikuifikiria sana. Wengi wetu tunatumia jenereta, na jenereta ikipunguziwa mzigo volti hupanda. Rezista haijui kujirekebisha kama chuma kilivyojua. Ikifika volti 250, hata kwa omu 680 mkondo utapanda hadi kama 0.22. Kwa hiyo kwenye jenereta redio iwashwe mashine ikiwa imetulia, na izimwe kabla mashine haijazimwa.

Wako mafundi wanaotumia kondensa badala ya rezista ili kuepuka joto. Kwa hesabu ya redio ile ile, kwenye umeme wa mzunguko 50, inatakiwa kama maikrofaradi 3.2, ya aina ya usalama iitwayo X2. Sisi hatuipendekezi kwa Tungue. Inverta za bei rahisi za sola hutoa umeme wenye kona kali, na umeme wa namna hiyo hupita kwenye kondensa kwa wingi kuliko hesabu inavyosema.

Jambo la mwisho ni la uhai wa fundi. Redio isiyo na transfoma, bati lake la chini limeungana na umeme wa nyumba. Ukigeuza plagi vibaya, bati lote ni umeme mtupu. Mwenzetu mmoja alitupwa ukutani kwa kushika bati huku miguu iko kwenye sakafu yenye maji. Chomoa plagi, ngoja kondensa zimwage, ndipo ushike. Redio nyingine badala ya bareta zina waya mrefu wa umeme unaopata moto wenyewe. Ndani yake mna asbesto. Usiukate wala kuuchuna. Ulowanishe, uufunge kwenye mfuko, uweke waya mpya na rezista.

Ukimaliza, funga vibanio vya mita kwenye nyuzi za CF3 kabla ya kuwasha, kisha washa na uondoe mikono. Baada ya robo saa soma. Ikiwa ni volti 12 na nusu, rudisha kifuniko. Ikipita 13 na nusu, zima, ongeza omu 50, upime tena.