Kitunga ni chepesi, mkono ndio unaolemewa

Siku ya kutoa mabuletini, mama mmoja aliniomba nimshikie mkono ili atie sahihi. Anajua kuandika vizuri. Vidole ndivyo vilikataa: gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa na ganzi. Usiku anaamka na kukung'uta mkono mpaka usikie tena. Majirani walimwambia ni rimatizimu. Wengine walisema maneno ya uchawi, nami sitayarudia hapa.

Mama huyu anasuka vitunga vya mafunjo. Anaketi chini, miguu imenyooshwa, kichwa kimeinama, tangu watoto waende masomo mpaka warudi.

Wamama, tumezoea kusema kazi nzito ni kubeba kuni. Lakini msuli uliokazwa muda mrefu bila kuachiliwa haupati damu ya kutosha, nao unauma hata kama hukuinua kitu. Kichwa chenyewe kina kilo 4 mpaka 5. Ukikiinamisha, shingo na mabega ndivyo vinakishikilia saa zote hizo. Na ndani ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambamo mshipa wa fahamu unapita pamoja na kano za vidole. Ukivuta nyuzi siku nzima kifundo kikiwa kimekunjwa, sehemu ile inavimba na mshipa unabanwa. Kidole kidogo hakipati ganzi hiyo kwa sababu kina mshipa mwingine. Mimba pia inaweza kuileta.

Dawa ya maumivu inanyamazisha tu, kisha unarudi kwenye mkeka na kubanwa kunaendelea.

Lowesha mafunjo vizuri, maana makavu ndiyo yanataka nguvu. Kalia kiti kifupi, egemea ukuta, weka kazi juu ya mapaja. Kila nusu saa simama, hata kama ni kwenda kuangalia sufuria tu. Najua tunalipwa kwa kitunga, si kwa saa, na mwenye komande hangoji. Basi kikundi kipatane naye siku za kutosha kabla ya kupokea feza yake.

Ganzi ikidumu, au mkono ukianza kuangusha vikombe, nenda kituo cha afya mapema. Mshipa uliobanwa muda mrefu unaweza usipone kabisa.

Mama yule alikwenda. Usiku analala kifundo kimefungwa kikae sawa, na jioni hasuki tena. Bado anaamka, lakini si kila usiku.