Kuondoa mandhari ya nyuma kwenye picha za mazao: lini uondoe, lini uache

Vijana wa vikundi wananiuliza sana siku hizi: "Afisa, hizi picha za nyanya zilizokaa kwenye weupe mtupu, wenzetu wanazifanyaje?" Leo tulimalize hilo.

Kuondoa mandhari ya nyuma ni kukata kile unachouza na kufuta kilichoko nyuma yake: ndoo, kuku anayepita, kamba ya kuanikia nguo. Kinachobaki unakiweka juu ya rangi unayotaka, kwenye lebo au kwenye tangazo la bei.

Kazi inaanza kwenye kamera. Programu inahangaika pale bidhaa na nyuma yake vikifanana rangi. Mchicha uliopigwa picha juu ya nyasi utakatwa ovyo, na yai jeupe juu ya shuka jeupe ni hivyo hivyo. Nyanya tandika kitambaa cheupe, mayai meupe weka juu ya kitambaa cha bluu. Piga kivulini, asubuhi, ili kusiwe na kivuli kikali chini ya bidhaa. Asali kwenye chupa ya kioo ndiyo inayosumbua kuliko zote, maana rangi ya nyuma inapenya na kubaki ndani ya chupa hata ukishakata. Hiyo pigia mbele ya karatasi nyeupe tangu mwanzo.

Njia ya haraka ni remove.bg. Unafungua kwenye simu, unapandisha picha, sekunde chache imekatwa. Ya bure inakupa picha ndogo, inatosha kwa status, ila kwa lebo haifai. Piga hesabu: mchapaji akitaka nukta 300 kwa inchi, lebo ya upana wa sentimita 10 inahitaji picha yenye upana wa pikseli kama 1,180.

Mwenye kompyuta atumie GIMP, ni ya bure kabisa. Fungua picha, nenda Layer, Transparency, kisha Add Alpha Channel. Hatua hii wengi wanairuka, halafu wanashangaa wakifuta inabaki rangi badala ya uwazi. Bonyeza herufi U, gusa sehemu ya nyuma, bonyeza Delete, rudia mpaka iishe. Ukimaliza, toa faili kwa Export As na jina liishie na .png. Ukiweka .jpg uwazi wote unapotea, kwa sababu JPG haina uwezo wa kuuhifadhi.

Sasa tuje kwenye biashara yenyewe, maana hapa watu wanapoteza wateja. Kijana mmoja ninayemhudumia alitangaza majogoo kwa picha zilizokatwa vizuri mno. Mnunuzi akasafiri, kufika bandani akaona majogoo ni madogo kuliko alivyodhani, akageuza. Kijana hakudanganya neno lolote. Lakini picha isiyo na kitu pembeni haina kipimo, kila mtu anajaza ukubwa anaoutaka kichwani mwake. Ndiyo maana mifugo na mazao ya jumla nashauri uache mandhari yake: ng'ombe akiwa na mtu pembeni, nyanya zikiwa ndani ya tenga, shamba likionekana. Mnunuzi wa tani mbili hanunui urembo, anataka ushahidi kwamba mzigo upo. Kata picha za bidhaa zilizofungashwa, kama asali, unga, pilipili ya kusaga na siagi ya karanga, na andika uzito wake pembeni.

Na ukikata, usifute doa la nyanya. Hilo ni jambo jingine kabisa.

Picha ya asili itunze. Mteja akiuliza, mtumie hiyo hiyo na tarehe uliyopiga. Na ile PNG unapoituma kwa mchapaji kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na ule uwazi ulioutolea jasho hautamfikia.