Ni nini kinalila goti la nyanya yako?

Ukishuka matatu pale Ekerenyo, Nyamira, utakutana na kina mama wanaopanda mlima na vikapu vya majani chai mgongoni. Muulize yeyote aliyepita miaka 60 habari ya magoti yake. Atakuambia ni baridi ya shambani, ama uzee tu. Nawe huku Nairobi ukipigiwa simu utume za dawa, unatuma bila hata kuuliza ni dawa gani.

Leo hebu tuulize. Ndani ya goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu laini kinachoteleza. Ugonjwa wa osteoathraitisi hulila gegedu hilo polepole hadi mifupa inakaribia kusagana. Na mlaji hatoki nje: seli za goti lenyewe hutengeneza vimeng'enya vinavyolikata. Kimoja kinaitwa ADAMTS5. Kinakatakata protini inayolisaidia gegedu kushika maji na kuhimili mzigo.

Breki yake ni kitu kidogo ajabu: maikroRNA. Ni uzi wa herufi kama 22 tu, hautengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kunasa ujumbe unaotoka kwenye jeni na kuuzima kabla haujatekelezwa. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliieleza ya kwanza mwaka wa 1993, kwenye mnyoo wa milimita moja, na wengi wakadhani ni mambo ya minyoo tu. Mwaka wa 2024 wakapewa Nobel.

Gegedu lina ya kwake, miR-140, na jeni ya ADAMTS5 ni mojawapo ya zile inazozituliza. Kwenye magoti ya wagonjwa hupatikana imepungua. Panya walioondolewa miR-140 maabara, gegedu lao liliharibika mapema.

Dawa je? Ya maikroRNA kwa goti bado haijaidhinishwa popote, kwa hivyo anayekuuzia "tiba ya jeni" mtandaoni anataka pesa zako. Diklofenaki ya dukani nayo hutuliza uchungu tu, na ikimezwa kila siku bila daktari huumiza tumbo na figo. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja yanasaidia kweli, na kupunguza uzito kwa aliyezidisha.

Akipiga simu tena, mwambie akusomee jina la hizo tembe. Halafu lipia boda imbebee kile kikapu hadi kituo cha chai.