Treni ya zamani usiku: zima flashi, shika tochi

Ukiwa Sumbawanga, treni utaifuata mbali. Reli ya TAZARA inapita Tunduma, tawi la ile ya Kati linaishia Mpanda. Ukitaka injini kubwa za mvuke zilizohifadhiwa, nenda Makumbusho ya Reli, Nairobi. Pale imesimama Mount Gelai, namba 5918, tani zaidi ya 250, iliyoundwa Manchester miaka ya 1950 kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Jina ni la mlima wetu kabisa, uko Longido, Arusha.

Mchana kila mtu anaipiga picha. Usiku ndipo simu inagoma, na kosa huwa lilelile: flashi. Taa ya simu inafika mita chache tu. Inaunguza kipande cha chuma kilicho karibu, mwili mzima uliobaki unamezwa na giza. Na kwa kuwa mwanga unatoka pale pale lenzi ilipo, hakuna vivuli, injini inaonekana bapa kama sufuria.

Dawa ni kuleta mwanga kutoka ubavuni. Weka simu kwenye stendi, ingia sehemu ya Pro, ISO 100, sekunde 10, na uweke kipima muda ili kidole kisiitikise. Lenzi ikiwa wazi, mwenzako apitishe tochi polepole kwenye magurudumu, mabomba na ribiti, akiwa pembeni. Avae nguo nyeusi, asitulie sehemu moja, na tochi isiielekee simu. Huna Pro? Tumia picha ya usiku ya kawaida, ila tochi iwekwe chini, itulie. Simu inaunganisha picha kadhaa, mwanga ukihamahama inachanganyikiwa.

Mmarekani O. Winston Link alifanya hivi kwa treni inayokimbia, kati ya 1955 na 1960. Picha yake maarufu ya 1956 ilitumia balbu za flashi zaidi ya 40, zilizowaka kwa mpigo mmoja. Balbu zile zikiwaka mara moja zimekwisha, kwa hiyo akikosea, basi.

Wewe usijaribu kwa treni inayotembea. Simu itakupa mstari wa mwanga tu, na injini haina breki za bodaboda. Usikanyage reli inayotumika, iwe Tunduma au Mpanda. Kama ni stesheni, muone kwanza mkuu wa stesheni. Kama ni makumbusho, omba kibali cha usiku mapema.

Mazoezi yafanyie nyumbani. Trekta bovu au lori la zamani shambani linatosha, na Julai anga la Ufipa huwa safi. Baridi ile lakini! Simu iliyopoa ikiingizwa kwenye joto, lenzi inaweza kushika ukungu. Iache dakika kumi, ifute kwa kitambaa kikavu, ndiyo uitumie tena.