Kitabu cha Walioanguka

Kijana akija kuniuliza kama makazi fulani ya wazee yanafaa kumpeleka baba yake, namuuliza kwanza: yule mzee asiyesema kitu umemwona? Wengi hawajamwona. Wameonyeshwa ua uliofagiwa na wazee wachangamfu waliokaa barazani, wakasalimia, wakapewa soda, wakaondoka. Asiyesema yuko ndani, kageukia ukutani, na hali ya nyumba nzima inasomeka kwenye mwili wake.

Mimi ni nesi mstaafu, nakaa hapa Kigongo. Maswali haya yanazidi. Watoto wetu wako Geita migodini, wako Mwanza mjini, wako Dar. Daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025 limefupisha safari ya kwenda Busisi, lakini halijamleta nyumbani mtu wa kumgeuza bibi kitandani usiku. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka mzee atunzwe kwanza na familia, makazi yawe kimbilio la mwisho. Makazi ya serikali, kama yale ya Bukumbi humu humu wilayani Misungwi, hupokea wasio na mtu. Wamo waliougua ukoma. Kanda hii ya Ziwa wapo pia akina mayu, bibi zetu, waliofukuzwa vijijini kwa kuitwa wachawi, kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Mtu wa namna hiyo hana mtoto wa kuja Jumapili kumwangalia. Ndiyo maana nasisitiza kwamba sisi majirani tujue kukagua.

Omba ruhusa kwa msimamizi, kisha kwa mwenyewe: "Shikamoo babu, naomba niangalie miguu yako." Tazama visigino, nyonga, na chini ya kiuno pale mfupa unapogusa godoro. Mzee asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Asipogeuzwa, damu haifiki kwenye ngozi iliyobanwa, ngozi inakufa, na kidonda kinaweza kuchimba hadi mfupani. Kwenye ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu. Gusa, utahisi joto au ugumu kabla jicho halijaona kitu. Lakini usihukumu kwa kidonda kimoja, maana wako wanaofika nacho kutoka nyumbani. Uliza kilianza lini, wiki iliyopita kilikuwa na ukubwa gani, nani anakisafisha. Anayemhudumia kweli atakujibu papo hapo.

Kwa waliougua ukoma kuna la ziada. Ugonjwa unatibika kwa vidonge, na dawa hutolewa bure, ila neva zilizokwisha kufa hazifufuki. Mzee aliyepona miaka 30 iliyopita anaweza kushika kikombe cha chai ya moto mpaka kiganja kibabuke bila kusikia maumivu, au kutembea kutwa na msumari uliotoboa kandambili. Kwa hiyo natafuta viatu vyenye soli ngumu chini na laini ndani, vikombe visivyopitisha moto, na mtu ambaye kila jioni anakagua nyayo, mzee mmoja mmoja. Makazi yanayofanya hilo nayathamini kuliko yenye rangi mpya ukutani.

Usiku nao una maswali yake. Ofisi ikifungwa wanabaki wahudumu wangapi? Njia ya chooni ina taa? Moto ukitokea, funguo za milango anazo nani?

Halafu omba kitabu cha matukio, kile wanamoandikwa walioanguka, walioungua, waliopewa dawa isiyo yao. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Nyumba moja niliyokwenda kumwona jamaa yangu ilinionyesha kwa fahari ukurasa mtupu: mwaka mzima hakuna aliyeanguka. Wazee wenye mtoto wa jicho, sakafu ya sementi, choo cha nje, na asianguke hata mmoja? Jamaa yangu mwenyewe alikuwa na uvimbe juu ya jicho. Walianguka, hawakuandikwa. Ukurasa ninaouamini ni ule unaosema: saa tisa usiku, mlangoni mwa choo, kaanguka, nyonga imekaguliwa, kesho yake taa imefungwa na fundi kaweka bomba la kushikilia. Nyumba hiyo ina ajali, na inajifunza kutokana nazo.

Wenzetu wa nchi nyingine nao wamepitia hayo ya nyumba kujisemea. Marekani ilianza kuzipa nyumba za wazee nyota moja hadi tano mwaka 2008, kwa kuangalia ukaguzi, idadi ya wahudumu na afya ya wazee. Mwanzoni idadi ya wahudumu ilitolewa na nyumba zenyewe. Tangu 2018 inapimwa kwa kumbukumbu za mishahara, kwa sababu mtu asiyelipwa hakuwa zamuni. Uingereza, taarifa ya mkaguzi huchapishwa na daraja la nyumba hubandikwa mahali wageni wanapoliona.

Wala Watanzania si wageni wa jambo hili. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya zilipimwa kwa nyota kuanzia 2015, na karibu theluthi moja ziliambulia sifuri. Matokeo yalikuwa machungu, lakini yalionyesha pa kuanzia, na duru iliyofuata zilizopata sifuri zilipungua sana. Nataka makazi ya wazee, ya serikali, ya dini na ya watu binafsi, yapimwe hivyo hivyo, na taarifa ya ukaguzi ibandikwe getini kwa Kiswahili. Diwani anaweza kuliuliza hilo halmashauri, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya yupo. Nasi tunaobeba sabuni na unga kuwapelekea wazee sikukuu zikifika, tukishakabidhi, tuombe kuona kitabu.