Shule na Maradhi ya Kuenea: Jinsi Watoto Wawezavyo Kusoma kwa Salama

Wazazi wengi hawatausahau mwaka 2020. Tarehe 13 Machi mwaka huo Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona ameonekana nchini. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe: za kutwa tangu tarehe 16 Machi, na za bweni kabla ya kupita tarehe 18. Kengele zikanyamaza toka pwani mpaka ziwani. Hata Kianjokoma, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, watoto waliozoea kupita alfajiri na mikoba yao walibaki nyumbani, na wengine wakaonekana mashambani na sokoni mchana kutwa.

Wakati ule maradhi yalikuwa mageni, na hapakuwa na chanjo. Mtu asiyemjua nyoka aliyeingia nyumbani huwatoa watoto wote nje kwanza, kisha ndipo atafutapo fimbo. Lakini leo nyoka huyo twamjua, twajua na njia apitazo. Na kwa kuwa maradhi mengine ya namna hiyo yaweza kuja wakati wowote, yafaa kila mzazi na kila mwalimu afahamu ni nini kiwezacho kufanywa ili shule zisifungwe tena kwa muda mrefu.

HASARA YA KUFUNGA

Mnamo Julai 2020 Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka ule wa masomo umepotea. Baadaye, tarehe 12 Oktoba, wanafunzi wa madarasa matatu tu waliitwa warudi: gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne. Wengine walingoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ambao wakati huo kwa kawaida ulifanywa karibu na mwisho wa mwaka, ulifanywa Machi 2021. Mihula ikafupishwa na likizo zikakatwa, na utaratibu wa kawaida haukurudi mpaka Januari 2023.

Jirani zetu walifuata njia mbalimbali. Tanzania ilifunga shule Machi 2020 na kuzifungua zote tarehe 29 Juni mwaka uo huo. Uganda ilifunga Machi 2020, na ingawa madarasa mengine yaliitwa kwa vipindi, shule zote hazikufunguliwa mpaka tarehe 10 Januari 2022.

Masomo yalitolewa kwa redio na televisheni, na hiyo ilikuwa kazi njema. Lakini nyumba isiyo na umeme haina televisheni, na redio haiwezi kumwona mtoto aliyekosea hesabu. Tena shule si masomo tu. Kwa watoto wengine ndipo mahali pa kupata chakula cha mchana, na kwa wasichana wengi ni ngome. Katika miezi ile wako waliopata mimba, na wako wavulana waliozoea fedha za vibarua na za pikipiki, wasirudi darasani. Hasara hiyo haiponi kwa dawa.

MARADHI HUENEA VIPI?

Mwanzoni watu waliogopa zaidi kugusana mikono na kushika vitu. Kunawa ni jambo jema, nalo huzuia maradhi mengi, hasa ya kuharisha. Lakini wataalamu walikuja kuthibitisha kwamba korona huenea zaidi kwa pumzi. Mgonjwa apumuapo, asemapo, aimbapo au akohoapo, hutoa chembe ndogo mno za mate zenye virusi. Nyingine huanguka chini upesi, na nyingine huelea hewani kwa muda mrefu.

Mfano wake ni moshi wa kuni jikoni. Ukifunga mlango na dirisha, moshi hujaa mpaka macho yakatoa machozi. Ukifungua mlango upande huu na dirisha upande wa pili, moshi hutoka. Na ukipika uwanjani, moshi hupeperuka mara moja. Pumzi ya darasani ni hivyo hivyo, ila haionekani. Watoto 60 katika chumba kilichofungwa huvuta pumzi za wenzao siku nzima.

Watoto wengi wapatao korona huugua kidogo tu, na wengine hawaoni dalili yoyote. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kwa mwalimu mwenye umri mkubwa, na kwa nyanya na babu wanaomngojea mtoto nyumbani. Basi kuilinda shule ni kuwalinda wazee pia.

MAMBO MATANO YA KUFANYA

Kwanza, hewa. Madirisha na milango ifunguliwe kabla watoto hawajaingia, na ibaki wazi siku nzima. Dirisha lililopigiliwa misumari litengenezwe, maana kazi ya siku moja ya seremala yaweza kuwa na faida kuliko chupa nyingi za dawa ya kunyunyiza sakafuni. Mvua isiponyesha, masomo mengine yafanywe nje. Profesa Magoha mwenyewe alishauri kwamba mahali ambapo vyumba havitoshi watoto wafundishwe chini ya miti. Wako waliocheka, lakini kwa habari ya hewa shauri hilo lilikuwa na maana.

Pili, nafasi. Madarasa matatu yaliporudi peke yake, madawati yaliweza kutawanywa katika vyumba vilivyo vitupu. Waliporudi wote, nafasi ilikwisha. Hapo yafaa kuwapanga watoto kwa zamu, kutumia jumba la mikutano, na kutowakusanya wote pamoja ndani ya nyumba.

Tatu, barakoa. Hufaa pale tu inapofunika pua na mdomo pamoja. Barakoa ya kitambaa ifuliwe kila siku, wala watoto wasibadilishane kama wabadilishanavyo kalamu.

Nne, maji na sabuni. Shule isiyo na bomba yaweza kutundika mtungi wa plastiki uliotobolewa, wenye kamba na kijiti cha kukanyagia, ili mtoto anawe bila kuushika.

Tano, mgonjwa akae nyumbani. Mtoto mwenye homa au kikohozi asisukumwe kwenda shule kwa kuogopa adhabu ya kutohudhuria. Mwalimu naye asione haya kupumzika anapougua. Na chanjo ikipatikana, walimu wawe miongoni mwa wa kwanza, kama ilivyofanywa nchini Kenya tangu Machi 2021.

BARIDI YA MLIMANI

Hapa mama wa Kianjokoma aweza kuuliza, “Mwalimu, wataka mwanangu akae penye dirisha wazi mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umeshuka mpaka mlangoni?” Swali lake ni la haki. Jibu ni kwamba korona huletwa na virusi, na baridi peke yake haiwezi kuvizaa. Lakini ni kweli kwamba mtoto atetemekaye hawezi kusoma. Kwa hiyo ufunguaji wa madirisha wendane na sweta nzito na soksi, na ikiwezekana uji wa moto asubuhi. Upepo ukiwa mkali, fungua madirisha ya juu, au ya upande usiopigwa na upepo, na wakati wa mapumziko fungua yote. Mwalimu mkuu asiamuru sweta za rangi moja tu wakati huo. Iliyo na joto yatosha.

AMRI NA IMANI

Liko jambo moja zaidi, nalo lawahusu wenye mamlaka. Agosti 2021 ndugu wawili wa Kianjokoma, wanafunzi wa vyuo, walifariki baada ya kukamatwa na polisi kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku. Maofisa sita wa polisi walishitakiwa kortini kwa mauaji. Amri iliyowekwa ili kulinda uhai ikawa imeandamana na vifo. Mtu aliyekwisha kuona hayo hawezi kulaumiwa akiitazama kwa shaka kila amri ya afya inayofuata. Basi shuleni vilevile, mtoto asiye na barakoa apewe, asipigwe wala asifukuzwe; na mzazi aelezwe sababu kabla ya kuamriwa.

Mzazi, usingoje maradhi yaje ndipo uanze. Katika mkutano ujao wa wazazi simama uulize mambo matatu: madirisha ya darasa la mwanangu yafunguka? Maji ya kunawa yapo? Na mtoto akiugua, mwalimu atatupasha habari kwa njia gani? Mkutano ukipata majibu mema ya maswali hayo, shule yenu imekwisha kujiweka tayari. Ukikosa, mnajua mahali pa kuanza kazi.